Masta na Miwani ya Kuzamia

Siku tulipomzika Masta, mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu mnyenyekevu. Nilimwona Mama Masta, mkewe, akiinua kichwa kumtazama vizuri, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba huu msiba ni wa kwake na si wa jirani. Mwingine akasimama akasema marehemu hakuwahi kugombana na mtu, na huyo aliyesema hivyo Masta aliwahi kumfungia maji siku tisa. Nikaona nikinyamaza, baada ya miaka michache tutakuwa tumemzika mtu ambaye hatukumjua. Masta hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alikuwa mkali, mwenye majivuno, na alikuwa mtu wa kwanza katika milima yetu ya Upare, na nadhani wa mwisho, kuagiza miwani ya kuzamia baharini.

Tulimwita Masta kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikuwa stesheni masta, hapo Same mjini na kwenye stesheni nyingine za njia ya Tanga. Alipostaafu alipanda mlimani na saa ya mnyororo, filimbi, bendera mbili, moja ya kijani na moja nyekundu, na imani kwamba matatizo yote ya binadamu yanatokana na kutofuata ratiba. Akatukuta sisi na ndiva yetu.

Ndiva ni bwawa la kumwagilia. Yetu ilichimbwa na mababu: maji ya kijito yanaingia humo usiku kucha, asubuhi tunazibua mdomo wake, yanashuka kwa mifereji miwili hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kabla ya Masta zamu zilikwenda kwa kuelewana, maana yake tuligombana kila siku ya Mungu. Yeye akaomba kazi ya kugawa maji, akapewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, na wiki haikuisha akawa amepigilia ubao mtini: RATIBA YA MAJI. Mfereji wa juu aliuita Abiria. Wa chini, unaopita shambani kwangu, akauita Mizigo.

"Kwa nini sisi tuwe mizigo, Masta?" nilimuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya maji, na nilidhani cheo kina maana.

"Mizigo inangoja Abiria ipite, Katibu. Ndivyo inavyofanyika dunia nzima."

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alisimama ukingoni, akasoma kipimo, ambacho ni mti uliosimikwa ndani ya maji na kuchorwa mistari ya rangi. Akipuliza filimbi na kuinua bendera ya kijani, tunazibua. Akiinua nyekundu, hakuna wa kugusa. Hakuwa na ndugu kwenye jambo hilo. Mke wake mwenyewe alipokutwa anafulia kwenye mfereji, Masta alimtoza faini ya kuku. Kuku alikuwa wa Mama Masta, akachinjwa kwa ajili ya kamati, na aliyempika ni Mama Masta. Nilikula kipaja siku ile na sijutii.

Ila alikuwa na mambo yake yasiyoingia akilini. Mtu aliyeishi na treni miaka yote hiyo hakupenda kuzipanda. Akienda Moshi alipanda basi. Ukimuuliza, anakwambia, "Wale madereva nawajua." Alituhubiria ukweli asubuhi na jioni, na papo hapo alikuwa akitusimulia jinsi alivyokuwa akiogelea Tanga, kutoka ufukweni hadi kwenye meli na kurudi, kabla ya kunywa chai. Mama Masta akisikia hadithi hiyo alikuwa akitafuta kitu cha kufanya jikoni. Siku moja nilimfuata huko nikamuuliza kama ni kweli. Akasema, "Tanga tulikaa miaka mitano. Mimi nilimwona ananawa miguu."

Hadithi hiyo ya kuogelea ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwaka huo mahindi yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, wakati ambao hindi halitaki maneno, linataka maji. Tukaona ndiva haijai. Asubuhi maji yako nusu, kesho chini ya nusu. Tukayakuta yanatokea bondeni kwenye mawe, mahali ambapo hakuna aliyepanda hata mchicha. Ndiva ilikuwa imetoboka chini. Yaliyobaki yalitosha Abiria tu, na kwetu Mizigo mfereji ukakauka hadi ukapasuka.

Mahali pengine wangeikausha ndiva, watafute tundu, wazibe, wamalize. Kwetu haiwezekani. Mila inasema sakafu ya ndiva haionwi na jua. Ikionwa, kijito kinakatika. Mlinzi wa mila hiyo alikuwa Mwenyekiti wetu wa kamati, kwa kuwa ukoo wao ndio uliochimba. Kwa hiyo kama tundu lingetafutwa, lingetafutwa maji yakiwa ndani, na watu wa milimani tunajua kupanda na kushuka, kuogelea hatujui.

Kwenye kikao Mwenyekiti akaongeza la pili. Mwezi ule Masta alikuwa amekosea kusoma kipimo mara mbili. Mara moja alitangaza ndiva imejaa kumbe iko nusu, na mashamba manne yakakatikiwa maji katikati ya zamu.

"Masta wetu amechoka," Mwenyekiti akasema kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Mimi naona filimbi apewe mtu mwingine, yeye apumzike."

Masta akasimama. Alivaa kofia kwanza, ndipo akasema.

"Tundu nitalitafuta mimi. Nikilipata, filimbi inabaki kwangu na habari ya kuchoka isirudiwe. Nisipolipata, chukueni."

Kikao kizima tukaikumbuka hadithi ya Tanga. Hakukuwa na namna ya kumkatalia mtu aliyeogelea hadi kwenye meli. Tukampa wiki mbili, kwa sababu zaidi ya hapo mahindi yasingesubiri.

Wiki ya kwanza ilikwisha kwenye miwani.

Mimi ningekuwa yeye ningevua shati nikaingia. Masta alisema kazi bila vifaa ndiyo inayoua watu. Alishuka Hedaru kuulizia madukani, akarudi na miwani ya kuchomelea vyuma, vioo vyeusi tii. Aliivaa akatoka nje, akagonga nguzo ya banda la mbuzi. Akasema hiyo haifai, na kwamba nguzo ilikuwa imewekwa vibaya.

Ndipo akaja kwangu, maana mimi nina simu kubwa na nauza mitumba Same mjini siku za soko, akaamini najua kila kitu kinachotoka ng'ambo. Tukatafuta picha mtandaoni. Tukampata kijana wa Dar es Salaam anayeuza vifaa vya kuzamia, ile miwani inayofunika macho na pua pamoja. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu.

"Mambo vipi, mzee wangu?" kijana akasema.

Masta akanigeukia. "Anasema nini huyu?"

"Anakusalimia."

"Hiyo si salamu."

"Shikamoo, mzee," kijana akasema haraka.

"Marahaba. Sasa tunaweza kuongea. Nataka miwani ya kuzamia. Una za vioo vya rangi gani?"

"Zipo za kila aina, mzee. Unaenda kuzamia wapi? Zenji? Mafia?"

"Same."

Nikasikia kijana anapunguza muziki.

"Same ipi, mzee?"

"Ziko ngapi?"

"Si ile kwenye vumbi, njia ya kwenda Moshi?"

"Hiyo hiyo. Lakini juu mlimani."

"Mlimani," kijana akasema taratibu. "Mzee unazamia mlimani."

"Kijana, nimekuuliza rangi za vioo. Sijakuuliza jiografia."

Yule kijana alikuwa na subira, Mungu ambariki. Akaeleza. Kioo cha njano ni cha maji machafu, kinafanya kingo za vitu zionekane. Kioo chekundu ni cha kina kirefu, kwa kuwa bahari inameza wekundu na kioo kile kinaurudisha. Halafu kuna cha tatu, chenye mpako kama kioo cha kujitazamia, hicho ni cha jua kali. "Wewe wa ndani unaona nje," akasema, "ila mtu akikutazama anajiona yeye mwenyewe. Macho yako hayaoni kabisa."

"Rudia hapo," Masta akasema.

Kijana akarudia. Nilidhani Masta hakusikia vizuri.

"Kina chenyewe mita ngapi, mzee?"

"Futi nane."

"Futi nane? Basi nyekundu ya nini. Chukua ya njano umalize. Maji yana tope?"

"Yana tope."

"Ya njano, mzee. Nakwambia kama mzazi wangu."

"Tuma zote tatu," Masta akasema. "Mbili utarudishiwa bila mkwaruzo."

Zilikuja kwa basi, nikazipokea stendi ya Same zikiwa zimefungwa kwenye boksi la biskuti. Ya kioo chekundu ilikuwa na raba nyeupe. Ya kioo cha kujitazama ilikuwa na raba ya bluu. Ile ya njano, ambayo hata mimi nisiyejua kitu niliona ndiyo yenyewe, raba yake ilikuwa nyeusi, na hapo pakatokea kesi.

Kwetu sufuria lenye masizi haliingii ndivani. Unakwenda na ndoo safi au unabaki na kiu. Mwenyekiti aliiangalia ile raba, akaigeuza, akainusa.

"Kitu cheusi hakiingii," akasema.

"Hii ni raba, Mwenyekiti," nikasema. "Haijawahi kukaa jikoni."

"Mababu hawakuuliza imepata wapi weusi."

Tulikaa kikao asubuhi nzima. Mimi niligombana mpaka koo likaniuma, kwa sababu mahindi yaliyokuwa yanajikunja ni ya Mizigo, si ya Mwenyekiti, ambaye yuko Abiria. Mwishowe yeye mwenyewe akalegea. Akasema raba ikipakwa chokaa itakuwa nyeupe, na mababu hawatakuwa na la kusema. Nilifurahi. Nilidhani tumemaliza, kesho yake mzee anaingia majini na miwani ya njano, Jumapili tunamwagilia.

Masta akasema, "Bado majaribio."

Alijaza pipa nyumbani kwake, akakoroga udongo mpaka maji yakawa kama chai ya maziwa. Kazi yangu ilikuwa kutumbukiza bendera moja baada ya nyingine, yeye atie kichwa na miwani, ataje rangi, niandike. Aliniambia reli ilikuwa ikiwapima macho kila mwaka kwa rangi, na anayekosea anaondolewa stesheni siku hiyo hiyo. Yeye hakuwahi kukosea. Alilisema hilo mara mbili.

Akaanza na ya njano. Nikatumbukiza ya kijani.

"Nyekundu," akasema alipoibuka.

"Ni kijani, Masta."

"Umeona? Kioo kinadanganya."

Akavaa ya kioo chekundu. Nikatumbukiza nyekundu, akasema kijani. Nikamwambia. Maji yakimchuruzika shingoni, akazichukua bendera zote mbili akaingia nazo ndani, eti kuzikamua. Aliporudi, ya kijani ilikuwa imefungwa fundo kwenye ncha.

"Fundo la nini?"

"Isiteleze."

Tukaendelea na ile ya kioo cha kujitazama. Mara hii alipotia kichwa kwenye pipa alitia na mkono. Kijani, akasema, na ilikuwa kijani. Nyekundu, na ilikuwa nyekundu. Kijani tena. Nikaandika kwenye daftari la kamati: ya kujitazama, tatu kwa tatu. Niliona shati lake limelowa hadi begani, na nilichofikiria ni kwamba Mama Masta atagomba. Mtu mzima mwenye akili zangu, katibu wa kamati, nimesimama pale na ushahidi wote mkononi, na sikuona kitu.

Akamrudishia kijana wa Dar ile nyekundu na ile ya njano. Nilimpigia kelele njia nzima mpaka stendi. Nilimwambia kwamba muuzaji mwenyewe amesema njano, Mwenyekiti amekubali njano, chokaa imeshanunuliwa. Akanijibu kwamba jua la Same ni kali.

"Chini ya maji, Masta?"

"Nitakuwa natoka."

Siku ya kuzamia kijiji kizima kilikuja, na wengine kutoka ng'ambo ya bonde ambao hawahusiki na maji yetu. Masta alitokea na kaptura ya kazini, fulana nyeupe, filimbi shingoni, na ile miwani ya bluu usoni, amekwisha kuivaa tangu nyumbani. Nilipomwamkia nilijiona nimeinama mara mbili, moja kwenye kila kioo. Akafungwa kamba kiunoni, ikashikwa na wanaume sita. Akatupa maelekezo: mvuto mmoja ni simama, miwili ni nivuteni, mitatu ni naendelea. Akapuliza filimbi akaingia.

Sasa, kwa muda wote tuliopoteza kwenye mambo ya miwani, tundu lilikuwa limezidi kupanuka. Zile futi nane hazikuwapo tena. Masta alipofika katikati ya ndiva maji yalimfika kifuani.

Watu wakaanza kutazamana. Mtu yeyote angeweza kutembea mle kichwa kikiwa juu, hata kwa kofia. Masta akavuta pumzi, akachuchumaa, akapotea chini. Ikatokea mivuto mitatu. Anaendelea.

"Masta, simama tu!" mtu akapaza sauti. "Maji mafupi!"

Hakusikia, au alisikia. Alikuwa akiibuka kuhema na kurudi, akizunguka sakafu yote kwa mistari iliyonyooka, na mimi kutoka ukingoni nilimwona anavyokwenda: taratibu, hatua moja baada ya nyingine, kama mwanamke anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka. Karibu saa nzima ilipita hivyo. Mwenyekiti aliacha kuzungumza na watu. Mimi nilikuwa naomba Mungu, na siombi ovyo.

Mara kamba ikavutwa mara moja. Simama. Ikavutwa tena mara moja. Masta akasimama wima katikati ya ndiva, maji kifuani, tope likimtiririka kutoka kichwani.

"Limenishika," akasema.

Tundu lilikuwa limenyonya kisigino chake. Wale sita wakataka kumvuta, akakataa kwa kelele, na akawa ameona mbali kuliko sisi, kwani mguu wake ndio ulikuwa umeziba. Alikaa pale amesimama, kizibo cha ndiva, wakati sisi tunakimbia kuleta udongo wa mfinyanzi, magome ya mgomba na mawe. Kwa saa nzima nyingine alitoa amri kutoka majini, wapi udongo ukandwe, nani analeta mawe madogo mno. Wanaume wanne wakaingia, nao sasa wakiwa na ujasiri, wakampasia mafungu ya udongo, akashindilia kwa mikono kuzunguka mguu, kisha akauchomoa na kumalizia kwa jiwe. Kule bondeni kijana wetu mmoja akapiga kelele kwamba mawe yanakauka.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kumpokea ukingoni. Akamsogelea karibu sana, nadhani alitaka kumtazama machoni amwombe radhi, au ahakikishe kitu fulani. Akajikuta anatazama uso wake mwenyewe, wenye wasiwasi, mara mbili. Akarekebisha kola ya shati.

"Filimbi ni yako, Masta," akasema.

Asubuhi ya tatu maji yalifika Mizigo. Nilivuna mwaka ule. Si sana, lakini tulikula makande mpaka msimu uliofuata, na kila nilipochambua maharage nilimkumbuka mzee yule amesimama na kisigino chake kwenye tundu, nikacheka peke yangu.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa maongezi marefu ilikuwa mwaka mmoja na kidogo baadaye. Aliniita nyumbani kwake, pale juu ya ndiva, ambapo ukisimama uwanjani unaiona yote chini yako. Nilimkuta kwenye benchi kuukuu la stesheni. Nikamwamkia, akaniitikia akiwa ameelekeza uso kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa.

"Nilikwenda Moshi hospitali," akasema. "Wameniambia ni presha ya macho. Ilianza zamani, inakula kutoka pembeni kuja katikati, na iliyokula haitapiki. Mimi nilijua tangu nilipokosea kipimo. Sikutaka mnijue."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Pipa, fundo, shati lililolowa, vyote vilikuja kwa mpigo, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, aibu ya mtu aliyepewa kazi ya kuandika asichokiona.

"Masta, kule chini uliona nini?"

"Chini kule? Katibu, nilifumba macho. Hata mwenye macho mazima asingeona kitu kwenye uji ule. Nilitembea na nyayo. Tundu linavuta maji, unalisikia kwenye unyayo kabla hujalifikia."

"Basi miwani ya nini?"

"Ya njano ndiyo ilikuwa nzuri," akasema. "Yule kijana alikuwa mkweli, mwenye macho angechukua ile. Mimi nilijua nikitoka majini mtakuja wote mnitazame usoni, na ungeona jinsi ninavyokutafuta."

Akavua filimbi shingoni, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akanipa. Akasema kipimo nisome mimi, filimbi nipulize mimi, ila bendera imebaki yake. Ataiinua kutoka uwanjani kwake akisikia filimbi, na bila bendera ya kijani maji yasizibuliwe, hiyo ni kanuni. Nikamkubalia. Kisha akaniambia nimechelewa kuja dakika kumi.

Mama Masta alinisindikiza hadi njiani. Alikuwa anazungumza, na mimi nilikuwa naangalia filimbi, sikumsikiliza vizuri. Nilisikia akisema amemfulia zile bendera, zilikuwa zinanuka tope, akazipiga na pasi. "Kulikuwa na lifundo limekazwa, nikahangaika kulifungua pasi ipite," akasema. "Kisha nikamfungia tena. Najua anavyolipenda fundo lake."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilisoma kipimo mbele ya wote. Ndiva imejaa mpaka mstari wa juu. Nikapuliza filimbi. Tukainua macho kwenye uwanja wa Masta, tukamwona anatokea, amevaa kofia, amenyooka, na akainua bendera.

Ilikuwa nyekundu. Upepo wa Same uliikunjua vizuri kabisa, na kwenye ncha yake niliona fundo.

Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanajua kusoma bendera, Masta mwenyewe aliwafundisha. Mwenyekiti akanitazama, akaitazama ile bendera, akanitazama tena, na usoni mwake nikaona anaelewa yote niliyoelewa mimi jana kwenye ngazi.

"Katibu," akasema. "Mimi macho yangu si mazuri asubuhi. Masta ameinua rangi gani?"

"Kijani," nikasema.

"Basi mnangoja nini? Zibueni."

Tukazibua. Hakuna aliyekwenda kumwambia, si siku ile wala nyingine, na Mama Masta nilimwomba asije akaligusa lile fundo tena. Tangu hapo ndiva yetu ilifunguliwa kwa bendera nyekundu na kufungwa kwa ya kijani, Abiria na Mizigo, mpaka Masta alipokufa. Nilimpenda mzee yule, na sikuwahi kumwambia, kwani angeniuliza hilo liko kwenye ratiba gani.

Siku ya maziko wazee wenzake wa reli walipanda kutoka Same, na mmoja wao akatandika bendera ya kijani juu ya jeneza. Mwenyekiti akaiondoa, akaikunja vizuri, akatandika nyekundu. Yule mzee wa reli akanijia pembeni, amekasirika kidogo, akaniuliza kwa nini tunamwekea mwenzao bendera ya kusimamisha treni.

Nikamwambia kwetu hiyo ndiyo ya kufungulia maji.